Bunduki Mbili za Tanegashima

Kila panapofanyika hafla ya kuwatuza wanafunzi hodari, hakosekani msemaji wa kuinuka na kuwataja Wajapani. Husema kwamba watu hao walionyeshwa bunduki na Mreno, nao wakaunda yao kabla mwaka haujapinduka, ilhali sisi, tuliomwona Mreno huyo huyo kabla yao, hatukuunda hata sindano. Wazazi hupiga makofi. Mimi hubaki nikijiuliza iwapo msemaji amewahi kupatafuta ramanini mahali penyewe yalikotokea hayo.

Mahali penyewe ni kisiwa cha Tanegashima, kusini mwa Kyushu, na bandari yake kuu ni Nishinoomote, mji mdogo uliopewa hadhi ya manispaa mwaka 1958 na wenye wakazi wapatao 14,000. Kisiwa ni kirefu na chembamba. Urefu wake ni kilomita 57 hivi, na eneo lake, kilomita mraba 445, ni karibu nusu ya Pemba. Jirani yake Yakushima ana milima inayokaribia mita 2,000, lakini Tanegashima haina kilima kinachofika mita 300. Ni nchi ya mashamba: miwa, na viazi vitamu vilivyoletwa kutoka Ryukyu mwaka 1698. Zaidi ya hayo, na hapa naomba wanafunzi wa jiografia watege sikio, mchanga wa fuo zake una chembechembe za chuma. Kwa sababu hiyo wahunzi walikuwako kisiwani, na hadi leo visu na makasi ya Tanegashima vina sifa yake.

Mwaka 1543 jahazi kubwa liliingia ncha ya kusini ya kisiwa. Lilikuwa jahazi la Kichina, wala si merikebu ya Wareno. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya mia, na miongoni mwao Wareno wawili au watatu waliokuwa abiria tu. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Mkuu wa kijiji akachukua fimbo akaandika mchangani kwa herufi za Kichina, na msomi mmoja Mchina aliyekuwamo akamjibu vivyo hivyo kwa fimbo. Ndivyo wenyeji walivyowajua wageni wao. Habari hizi zimo katika kumbukumbu iliyoandikwa mwaka 1606, miaka zaidi ya sitini baadaye. Mreno António Galvão kwa upande wake aliutaja mwaka 1542. Mwalimu anayefundisha tarehe moja bila kuitaja ya pili anawanyima wanafunzi nusu ya somo.

Jahazi lilipelekwa hadi bandari ambayo leo ndiyo Nishinoomote. Mtawala, Tanegashima Tokitaka, kijana wa miaka 15 hivi, akaona jinsi Wareno walivyolenga shabaha, akanunua bunduki mbili kwa fedha nyingi. Moja akampa mhunzi, Yaita Kinbee, aiige. Mtutu haukumshinda. Kilichomshinda ni namna ya kuuziba upande wa nyuma, kwa kuwa kizibo chenyewe kilikuwa cha parafujo, na ufundi huo haukujulikana Japani. (Neno letu hilo, parafujo, nalo tumelirithi kutoka kwa Wareno hao hao.) Hadithi za kisiwani zinasema kwamba Kinbee alimwoza Mreno bintiye, Wakasa, ili apewe siri hiyo. Huenda ni hadithi tu, ingawa binti huyo amejengewa mnara mjini. Kumbukumbu ya 1606 inasema kwa ufupi kwamba mwaka uliofuata wageni walirudi pamoja na fundi wao, naye akafundisha. Kwa hiyo Kinbee hakubuni peke yake usiku mmoja. Alikwama, akangoja, akafundishwa. Ufundi ukaenea hadi Sakai na kwingineko, na mwaka 1575 bunduki zilimsaidia Oda Nobunaga kushinda vita vya Nagashino.

Sasa turejee kwa msemaji wetu. Chuma kilikuwako pwani hii pia. Al-Idrisi alikiandika katika karne ya 12 alipoitaja Malindi na Mombasa. Wahunzi tulikuwa nao. Lakini mwaka 1505 Francisco de Almeida hakufika Mombasa kama abiria katika chombo cha watu. Alikuja na msafara wa merikebu za vita zenye mizinga, akauteka mji, akaupora na kuuchoma moto. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus. Tokitaka aliuziwa bunduki. Mombasa ilipigwa mizinga. Mtu anayeyalinganisha mambo hayo mawili bila kuitaja tofauti hiyo, kisha akawaambia watoto kwamba babu zao walikuwa wazembe, amewadhulumu wafu na walio hai.

Wala Nishinoomote yenyewe haijamalizana na silaha. Ina makumbusho ya bunduki yenye umbo la merikebu, na kila Agosti hufanyika tamasha ambapo bunduki za kale hufyatuliwa. Lakini kilomita 12 hivi magharibi, ndani ya mipaka ya manispaa hiyo, kuna kisiwa cha Mageshima, ambacho hakina wakazi wa kudumu tangu mwaka 1980. Mwaka 2019 serikali ya Japani ilikubaliana na mwenyewe kukinunua, na Januari 2023 ikaanza kujenga humo kambi ya kijeshi, ambako ndege za manowari za Marekani pia zitafanyia mazoezi ya kutua. Wenyeji wamegawanyika. Wapo wanaotazamia kazi na fedha, na wapo wanaohofia kelele na hatima ya uvuvi. Katika uchaguzi wa mwaka 2021 meya aliyeupinga mpango huo alirudishwa kitini, lakini kwa kura chache tu.