Uji Unapoleta Vipele: Jinsi ya Kutambua Kisababishi cha Mzio

Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware hununua unga wa uji uliochanganywa: wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu karanga, simsim na wakati mwingine omena. Ni lishe nzuri. Hata hivyo, mtu akinywa uji huo na kutokwa na vipele, ni vigumu kujua ni kiungo kipi kilichomdhuru. Unaweza kulaumu wimbi au maziwa, kumbe tatizo ni simsim au soya.

Mzio wa chakula, ambao wengi huuita aleji, hutokea kinga ya mwili inapoichukulia protini ya chakula kama adui. Kwa kawaida dalili huanza baada ya dakika chache hadi saa mbili: mwasho, vipele, midomo kuvimba, kutapika au kifua kubana. Mzio wa simsim hauzungumzwi sana hapa kwetu, lakini si jambo dogo. Nchini Marekani, tangu Januari 2023, sheria inawataka watengenezaji kuutaja simsim waziwazi kwenye vifurushi vya chakula.

Si kila tatizo ni mzio

Maziwa yakikuletea gesi na kuhara bila vipele, huenda tumbo lako haliwezi kusaga sukari ya maziwa. Hali hiyo husumbua lakini haihatarishi maisha. Na iwapo watu kadhaa waliokula samaki mmoja wamewashwa kwa pamoja, huenda samaki huyo alikaa kwenye joto akaharibika.

Hatua za kutafuta kisababishi

1. Andika. Kwenye daftari au simu, weka kila ulichokula, saa uliyokula, saa dalili zilipoanza na dawa ulizomeza. Baada ya wiki chache, kiungo kinachojirudia huanza kuonekana.

2. Uliza. Muuzaji wa unga akutajie kila kilichomo. Uliza pia ni nini kilichosagwa kabla ya unga wako, kwa kuwa mashine iliyotoka kusaga njugu huacha mabaki. Kibandani, uliza kama mafuta ya kukaangia viazi ndiyo yaliyokaangia samaki. Unga wa pakiti una maelezo ya viungo. Yasome kila unaponunua.

3. Peleka daftari kituoni. Anza na kituo kilicho karibu nawe, kama vile Kibera South au Riruta. Mhudumu anaweza kukuelekeza Hospitali ya Mbagathi au kwa mtaalamu wa mzio, ambaye hupima kwa kudonoa ngozi au kwa damu. Kipimo peke yake hakitoshi. Daktari hukilinganisha na historia yako. Mweleze dawa unazotumia, kwani vidonge vya mzio vinaweza kuficha matokeo ya kipimo cha ngozi.

Usijaribu nyumbani kula tena chakula kilichokuletea dalili kali. Vilevile, usimwondolee mtoto mayai, maziwa, njugu na samaki kwa wakati mmoja kwa kubahatisha. Atakosa lishe, na huenda kisababishi kikabaki ndani ya uji anaokunywa kila asubuhi.

Hali ya dharura

Mtu akishindwa kupumua, sauti ikibadilika, ulimi ukivimba au akizirai baada ya kula, usisubiri vidonge vifanye kazi. Tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini pajani. Mlaze chali na kumwinua miguu. Akipumua kwa shida, aketi. Asisimame wala kutembea. Piga 999 au 112. Magari hayafiki katika vichochoro vyote, kwa hivyo majirani wambebe hadi barabarani au kituo cha karibu, na mmoja wao atangulie kutoa habari.

Kuishi na mzio

Kisababishi kikishajulikana, maisha huwa rahisi. Nunua nafaka moja moja, uzichanganye mwenyewe, na uombe mashine isafishwe kabla ya kusaga. Mwambie mwalimu, mlezi wa mtoto na mama wa kibanda unachokula kila siku. Jirani asiyejua anaweza kumpa mtoto kikombe cha uji kwa nia njema kabisa.

Ukiwa na swali, zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako au ufike katika kituo cha afya cha kaunti kilicho karibu nawe.