Bunduki ya Marehemu na Dhima ya Warithi

Katika vijiji vilivyouzunguka mji wa Mpanda, ambako mashamba ya mahindi na mpunga hupakana na misitu na Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974, bunduki imekuwa tangu zamani chombo cha mkulima cha kuwazuia ngiri, viboko na tembo wasimalize jasho lake. Na aghalabu mzee mwenye bunduki afarikipo, huiacha darini, imeviringwa gunia, na watoto wake, ambao hawaoni tabu kugawana ng'ombe na mashamba, hujikuta hawajui wafanye nini na chombo hicho.

Jawabu la sheria ni fupi: thamani ya bunduki hurithiwa, lakini ruhusa ya kuishika hairithiwi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1991, humpa leseni mtu aliyechunguzwa yeye mwenyewe, umri wake, akili zake, mwenendo wake na haja yake. Basi mtu huyo akifariki, leseni ile haimhamii mjane wala mwana wa kwanza, hata kama ukoo mzima umeketi na kuafikiana kwamba huyo ndiye mrithi wa jina na wa vyombo vya marehemu.

Kikao cha ukoo kina kazi yake, nayo ni kumpendekeza msimamizi wa mirathi, ambaye hupeleka muhtasari wa kikao na cheti cha kifo katika Mahakama ya Mwanzo, na akiisha kuteuliwa hupewa miezi minne akusanye mali, alipe madeni, agawe kilichobaki na kurejesha hesabu. Bunduki yenye leseni na iandikwe katika orodha ya mali hizo, aina yake na namba yake. Na kwa Muislamu thamani yake huingia katika tirka, ikagawanywa baada ya gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi thuluthi. Lakini mahakama igawayo mali haitoi leseni ya silaha.

Kwa hiyo, hata kabla ya kuanua matanga, aliyebaki na silaha nyumbani na atoe habari kituo cha polisi, akiwa na leseni ya marehemu, ili bunduki na risasi zake zihifadhiwe huko kwa maandishi. Wala asiibebe begani akapita nayo njiani, bali awaulize polisi kwanza, au amtume mwenyekiti wa kijiji, waagize namna ya kuipeleka. Mrithi anayeitaka na aombe leseni kwa jina lake, akianzia serikali ya kijiji au mtaa, kisha polisi wa wilaya na kamati ya usalama, maadamu ametimiza miaka 25. Asiyeitaka, au aliyenyimwa, msimamizi huweza kuiuza kwa idhini ya polisi kwa mtu aliyeruhusiwa, na fedha zikagawanywa kwa warithi.

Gobore lina habari nyingine. Lile lililofuliwa na mhunzi, mtutu wake bomba la chuma, kitako chake mti uliochongwa kwa shoka, baruti na vipande vya chuma vikishindiliwa kwa ufito kupitia mdomoni, wala halina namba wala leseni, halikuwa milki halali ya marehemu hata siku moja. Na asichokimiliki kwa haki hawezi kukirithisha. Njia yake ni moja, kusalimishwa. Serikali imewahi kufungua mlango wa msamaha, kama ilivyofanya mwezi Septemba na Oktoba mwaka 2023, ili kila mwenye silaha isiyo halali aisalimishe asishtakiwe.

Anayeificha hujitia katika hatari kubwa. Kanuni ya Adhabu huhesabu kuwa mtu anamiliki kitu hata kikiwa mahali pengine au mikononi mwa mwingine, iwapo yeye ajua na amekiweka huko kwa manufaa yake; na kutojua sheria si udhuru. Kuwa na silaha bila leseni kumo katika makosa ya uhujumu uchumi, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2016 kifungo chake ni kuanzia miaka 20 hadi 30. Ukali huo una sababu, kwani nchi yetu, pamoja na jirani zake, ilifungamana kwa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuzuia silaha ndogo zisizagae, na Mkoa wa Katavi umepakana na Ziwa Tanganyika, ambalo ng'ambo yake ni Kongo, ilhali mbuga zake zimeumizwa sana na ujangili.

Enyi wazee wenye bunduki, semeni na watoto wenu mngali hai: waonyesheni leseni ilipo, waandikieni namba ya silaha, na waambieni kwamba siku mtakapoondoka, habari ya kwanza baada ya maziko ipelekwe polisi. Baba aliyemlinda mwanawe na njaa kwa bunduki ile asimwachie kifungo kuwa urithi.