Mkanganyiko ni Somo la Kwanza

Mwanafunzi wa Uganda anayemaliza kidato cha sita hukaa darasani miaka 13, na kila ngazi humalizikia kwenye mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Miaka yote hiyo mtu mwingine ndiye anayeamua asome nini na aulizwe nini. Mwambie kijana huyo, "Haya, jifunze unachotaka," atakutazama tu.

Kutazama huko ndiko kunakoshughulikiwa Mpigi, kwenye Barabara ya Masaka, si mbali na Kampala. Mjerumani Etienne Salborn alianzisha huko Social Innovation Academy, yaani SINA, mwaka 2014, baada ya kuona vijana waliolipiwa karo wanamaliza sekondari na kurudi kukaa bila kazi. Hatua ya kwanza pale huitwa mkanganyiko. Hakuna ratiba ya masomo wala mwalimu wa kumngojea. Kijana husumbuka mpaka aanze kujiuliza mwenyewe anataka kutatua nini. Naiona hatua hii kuwa ndiyo moyo wa kazi yote, na ndiyo ambayo shule nyingi huikwepa kwa kuogopa kelele za wazazi.

Lakini kijana haachwi peke yake. Shughuli za kuendesha mahali pale zimegawanywa kwa majukumu, na mwenye jukumu huamua mambo yake bila kupanda ngazi kwa mkurugenzi. Akizembea, wenzake ndio wanaoumia, nao humwambia. Mamlaka aliyokuwa nayo mwalimu yamehamia kwa kundi zima. Kazi yenyewe nayo hufundisha: Joan Nalubega, mwanzilishi wa Uganics, sabuni ya kufukuza mbu, alipitia hapo. Malaria aliijua tangu utotoni. Vipimo, gharama na soko alivifuata kwa sababu sabuni ilividai.

Linganisha na Machi 2020 hadi Januari 2022, shule za Uganda zilipofungwa, kabisa au kwa sehemu, kwa sababu ya korona. Watoto waliambiwa wajisomee nyumbani kwa redio na karatasi zilizochapwa. Wengi hawakuwa na mtu wa kuwauliza, "Umefikia wapi?" na wengine hawakurudi tena darasani. Kujisomea kwa namna ile kulikuwa upweke mtupu.

Mfano wa Mpigi umefika hata kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako Mkongo Patrick Muvunga, mkimbizi mwenyewe, aliasisi asasi ya Opportunigee. Hapo vijana waliokimbia vita hujifunza kwa kuanzisha kazi zao, wakisimamiwa na wakimbizi wenzao.