Kufundisha Yasiyoonekana: Eksirei na Kazi ya Dawa Mwilini

Mwalimu wa Sayansi katika shule ya msingi hufundisha mambo mengi yanayoshikika: mbegu, udongo, maji na mizani. Lakini yapo mengine ambayo mtoto huyakuta hospitalini bila kuyaona yakitendeka. Mtoto aliyevunjika mkono hupigwa picha ya eksirei, kisha hupewa vidonge. Aweza kurudi nyumbani akiamini kwamba picha ndiyo iliyomtibu, na kwamba vidonge vilivyobaki vitamfaa ndugu yake anayeumwa tumbo. Imani ya namna hiyo ni ya hatari. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuyafundisha mambo hayo mawili kwa mifano, na mahali ambapo kila mfano hukoma.

Eksirei ni picha ya kivuli

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen katika mji wa Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Kwa kuwa hakuijua asili yake, aliipa herufi X, ambayo katika hesabu husimama badala ya kisichojulikana. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe. Mifupa na pete vikaonekana wazi.

Mionzi hii hupenya nyama kwa urahisi kuliko mfupa, kwa maana mfupa una kalsiamu nyingi inayoizuia. Darasani, mwalimu atie ufunguo ndani ya bahasha nyembamba, kisha aimulike kwa tochi kutoka nyuma. Wanafunzi watauona ufunguo bila bahasha kufunguliwa. Waulizwe: kwa nini karatasi imepitisha mwanga na chuma hakikuupitisha? Tusiwape jibu mapema.

Hapa mfano una upungufu. Ufunguo huonekana mweusi, hali mfupa katika picha huonekana mweupe. Sababu ni kwamba eksirei huitia filamu weusi pale inapofika kwa wingi. Nyuma ya mfupa hufika kidogo, hivyo pale hubaki peupe. Tena, mwanga wa tochi hauidhuru bahasha, lakini eksirei ikizidi yaweza kudhuru chembe hai za mwili. Ndiyo maana wapigaji picha hujikinga kwa madini ya risasi, na picha haipigwi bila sababu. Hata hivyo, tusiwatishe watoto: picha inayohitajika kweli ina faida kubwa kuliko hatari yake. La msingi ni hili: picha huonyesha, haitibu.

Dawa na vipokezi

Mwaka 1905 John Newport Langley wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alieleza majaribio aliyofanya juu ya misuli ya kuku. Nikotini iliukaza msuli hata baada ya mishipa yake ya fahamu kukatwa na kufa. Sumu iitwayo kurare iliizuia nikotini isitende kazi hiyo. Akahitimisha kwamba ndani ya msuli wenyewe kuna kitu kinachoipokea dawa. Vitu vya namna hiyo leo tunaviita vipokezi.

Zana ya kufundishia ni kufuli moja na funguo tatu. Wa kwanza huingia na kufungua. Wa pili huingia lakini hauzunguki, na ukiwamo hakuna mwingine uwezao kuingia. Wa tatu hauingii kabisa. Katika jaribio la Langley, nikotini ni ufunguo wa kwanza, na kurare ni wa pili.

Mfano huu nao una mipaka mitatu. Kwanza, mkono huupeleka ufunguo kwenye kufuli, lakini dawa haijui mahali penye maradhi. Huenezwa na damu kila mahali. Salbutamoli hulegeza njia za hewa za mwenye pumu, lakini vipokezi vya aina hiyo vimo pia katika misuli ya mikono, na mikono yaweza kutetemeka. Pili, idadi ya vipokezi ina kikomo. Vikisha kujaa, kuongeza dawa hakuongezi nafuu, bali kwaweza kuleta madhara kwingineko. Tatu, si kila dawa hutenda kazi kwa vipokezi vya mwili wetu. Penisilini, kwa mfano, huharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria wenyewe.

Kupima uelewa

Yafaa mada hizi zifundishwe katika vipindi viwili, wala zisichanganywe. Mwishoni wanafunzi waulizwe: Kwa nini mgonjwa aliyekwisha kupigwa picha bado huhitaji matibabu? Kwa nini dawa ya mtu mmoja isinywewe na mwingine? Mtoto akijibu, "Kwa sababu mwalimu amekataza," somo halijafika, na hatuna budi kulirudia. Akieleza habari za kufuli na funguo kwa maneno yake mwenyewe, ataweza kuieleza pia nyumbani, mbele ya vidonge vilivyobaki.