Chupa zilezile, sababu tofauti

Chukua watu wawili meza moja, kila mtu na bia yake. Mmoja ana furaha, anataka izidi. Mwenzake hajalala vizuri wiki nzima, anataka kichwa kitulie. Ukihesabu chupa, wako sawa. Je, ukiwapa dawa moja ya kupunguza unywaji, itawafaa sawasawa?

Mwaka 1994 mwanasaikolojia wa Marekani, Lynne Cooper, alichapisha dodoso la kupima kwa nini vijana wanakunywa. Alipata mafungu manne: kuongeza raha, kunogesha maongezi na watu, kupunguza machungu, na kuogopa kutengwa na wenzako. Hilo la machungu ndilo zito. Wanaokunywa ili wasahau huwa na matatizo mengi zaidi ya pombe, hata ukiwalinganisha na wanaokunywa kiasi kilekile. Yaani sababu ina madhara yake, mbali na idadi ya chupa.

Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha naltreksoni kutibu uraibu wa pombe. Pombe ikiingia, ubongo hutoa endofini, kemikali ambazo huchangia ile raha. Ili zifanye kazi ni lazima zishike kwenye vipokezi vyake, kama ufunguo kwenye kitasa. Naltreksoni inawahi kukikalia kitasa. Unakunywa, unalewa vilevile (kwa hiyo gari usiguse!), ila utamu unapungua na hamu ya kuagiza nyingine inashuka.

Umeshaona shida ilipo? Dawa inaziba raha, machungu hayajaguswa. Watafiti walipochambua upya jaribio la Ujerumani liitwalo PREDICT, waliwatenganisha wanaofuata raha na wanaokimbia maumivu. Naltreksoni iliwasaidia zaidi wale wa raha. Mimi sisemi mambo yameisha hapo: watu wengi wana sababu zote mbili, na Jumamosi ya mtu si Jumatatu yake. Lakini naona kumuuliza mgonjwa “unakunywa ngapi?” bila “unakunywa ili iweje?” ni kumpima nusu.

Usikimbilie duka la dawa, lakini. Anayetumia heroini, mofini au dawa nyingine za jamii ya afyuni akimeza naltreksoni anaweza kupata arosto kali ghafla. Na ndugu yako anayekunywa sana kila siku usimwambie “acha leo leo”: kukatisha ghafla kunaweza kumletea degedege, hata kifo. Huyo apelekwe kwanza kwa daktari.