Kadi mbili ndani ya kompyuta moja: Je, ni faida au hasara?

TUSEME, mpenzi msomaji, ni Jumamosi asubuhi na kijana wako aliye likizoni amekuvuta hadi kwenye duka la vipuri vya kompyuta karibu na Kenyatta Avenue, jijini Nakuru. Muuzaji anaweka mezani ubao mpana mweusi wenye nafasi mbili ndefu.

"Mzee, huu ni ubao wa kadi mbili. Wenzake wana injini moja, yeye atakuwa na injini mbili!" asema kwa bashasha.

Kijana anakutazama kwa macho ya kuomba. Nawe mfukoni una pesa ambazo mama yake alizitenga kwa karo ya muhula ujao. Utasema nini?

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, yafaa ujue kile unachouziwa.

Kazi ya ubao

Ubao mkuu, ambao mafundi huuita mathabodi, ndio uwanja ambapo sehemu zote za kompyuta hukutana. Kadi ya grafiki huchomekwa hapo, na kazi yake ni kuchora picha unazoziona kwenye skrini. Ili gemu ionekane laini, kadi hiyo yapaswa kuchora picha kama 60 kwa kila sekunde. Ikichora 20 pekee, mchezaji wako wa kandanda atatembea kama mlevi.

Wazo la kuunganisha kadi mbili si geni. Mnamo 1998, kampuni ya 3dfx ya Marekani iliuza kadi ya Voodoo2, ambapo kadi mbili ziligawana mistari ya picha moja. Kampuni hiyo ilipoanguka, NVIDIA ilinunua mali yake, na mwaka wa 2004 ikafufua jina la mbinu hiyo, SLI. Mwaka uliofuata ATI ikatoa yake, CrossFire. Katika mbinu hizi mpya, kadi kwa kawaida zilipokezana: moja ikichora picha ya kwanza, nyingine ikichora ya pili.

Mbili si maradufu

Usidanganyike kwamba kadi mbili zitakupa kasi mara mbili. Kwanza, kumbukumbu zake hazijumlishwi. Kadi mbili za gigabaiti 4 kila moja zinabaki kuwa na gigabaiti 4 kwa gemu, kwa sababu kila kadi huhifadhi nakala ya vitu vile vile. Pili, kupokezana huleta mkwamo mdogo mdogo unaosumbua macho hata kama hesabu ya picha ni kubwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, gemu yenyewe sharti iwe imetayarishwa kwa kadi mbili. Isipotayarishwa, kadi ya pili hukaa bure ikila umeme. NVIDIA ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2021 haingeongeza tena matayarisho mapya ya SLI kwa kadi zake. Kadi yake kubwa ya RTX 4090, iliyotoka 2022, haikuwa hata na mahali pa kuunganishia mwenzake. Kazi yote iliachiwa watengenezaji wa gemu, na ni wachache mno walioifanya.

Kwa hivyo ubao unaosifiwa kwa SLI mara nyingi ni wa miaka iliyopita. Haimaanishi ni mbovu, lakini usilipie sifa ambayo muda wake umekwisha.

Chunguza haya dukani

Ikiwa bado ubao huo wakuvutia, soma jina na namba yake, kisha tafuta maelezo ya mtengenezaji. Prosesa nyingi za nyumbani huipa kadi ya grafiki njia 16 za kupitishia data. Ubao mzuri wa kadi mbili huzigawa nane kwa nane, na maelezo yake huandikwa x8/x8. Kuna mbao ambazo nafasi ya pili ni ndefu kwa macho lakini ina njia nne tu. CrossFire iliweza kuvumilia hali hiyo. SLI ilidai nane.

Tazama pia umbali baina ya nafasi hizo mbili. Kadi zikibanana, ya juu itavuta hewa ya moto kutoka kwa ile ya chini. Angalia tundu la prosesa kama lina pini zilizopinda, na kama kuna vipuri vidogo vya mviringo vilivyovimba. Ubao wenye kasoro hizo urudishe mezani.

Mwisho, omba uwashiwe, na gemu nzito ichezwe kwa nusu saa. Muuzaji akikataa, jibu umeshalipata.

Umeme na vumbi

Hapa kwetu kuna mambo mawili ambayo maelezo ya ng'ambo hayatayataja. La kwanza ni umeme. Kadi ya pili inayokula wati 200, ikitumiwa saa nne kwa siku, itamaliza uniti 24 kwa mwezi. Hizo ni tokeni ambazo zingepiga pasi na kuwasha taa. Aidha, utahitaji pawa saplai kubwa zaidi. Na ukikumbuka giza lililokumba nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023, utajua kwa nini mashine ya bei hiyo haifai kukosa UPS.

La pili ni vumbi. Husemekana kwamba jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na anayeishi Kaptembwo au Free Area wakati wa kiangazi hatabisha. Vumbi huziba feni, na feni iliyoziba huchoma kadi. Tena mji wetu uko takriban mita 1,850 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na hubeba joto kidogo kuliko ile ya Mombasa. Kadi mbili kwenye kasha moja ni majiko mawili kwenye chumba kimoja.

Nani atafaidi?

Kuna mtu mmoja ambaye kadi mbili zaweza kumfaa: mwanafunzi anayetengeneza picha za katuni au anayefanya hesabu nzito za kompyuta. Programu kama Blender hugawa kazi kwa kadi kadhaa bila kuhitaji SLI. Muulize kijana wako basi: ni kazi au ni mchezo?

Akijibu kwamba ni mchezo, mwambie kwa upole kwamba kadi moja nzuri kwenye ubao wa kawaida itamtosha, na ni nafuu kuliko mbili. Ajue pia kwamba umemkatalia baada ya kuuchunguza ubao huo pamoja naye. Kijana aliyeonyeshwa hesabu atanuna siku moja. Aliyefokewa mbele ya muuzaji atanuna likizo nzima.

Nayo karo, irudishe kwa mama yake ikiwa kamili.