Kishikwambi Pekee Hakichanji Mtoto

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa mali, basi uhai wa mtoto, ambao ni amana kubwa kuliko mali yoyote, wastahili daftari lililo bora zaidi.

Wananchi wa Wilaya ya Muheza wanaifahamu taabu ya daftari la karatasi. Mama achumaye chai katika milima ya Amani huweza kujifungua huko, kisha akahamia Korogwe kwenye mkonge au akashukia Tanga mjini kutafuta riziki. Kadi ya mtoto ikilowa mvua au ikipotea, zahanati anakohamia haina habari naye, na ile alikotoka haijui kama mtoto amehama au amebaki bila kinga. Muuguzi hana budi kukisia, huku akina mama wengine wakimngoja.

Kwa sababu hiyo tuliupokea kwa furaha mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za chanjo, ulioanzia Arusha kisha ukaingia Tanga na Kilimanjaro, katika mpango ulioanza mwaka 2013 baina ya Serikali na shirika la PATH. Mtoto akishaandikishwa katika kishikwambi, muuguzi wa kituo kingine chenye mfumo huo aweza kumtambua. Aidha, muuguzi huonyeshwa orodha ya watoto waliotazamiwa lakini hawakufika, pamoja na dozi zilizobaki.

Orodha hiyo ina thamani kubwa. Mtoto hupata chanjo mara azaliwapo, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua na rubella akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Hiyo ya mwisho ndiyo rahisi kusahauliwa, kwani mtoto ameshatembea, ana afya, na mama huona kazi imekwisha. Hapo ndipo surua hupata mlango.

Hata hivyo, orodha haimchanji mtu. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio; wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Ilifaa kwa sababu iliwakuta watu wamejipanga tayari kutenda.

Somo hilo lingali hai. Kwanza, muuguzi asibebeshwe mzigo wa kuandika mambo yale yale mara mbili, katika kishikwambi na katika karatasi. Umeme na mtandao viimarishwe, hasa milimani, ili hatimaye daftari moja litoshe.

Pili, taarifa zisipande tu kwenda wilayani na mkoani. Zirudi kijijini kwa mhudumu wa afya ya jamii, ambaye atabisha hodi kwa mama husika na kumwuliza kwa upole kilichomzuia. Huenda hakuwa na nauli ya kushukia zahanati, au alifika akaambiwa chanjo zimekwisha. Majibu hayo kishikwambi hakiyajui.

Tatu, siri za watu zilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na adabu yetu ilikuwapo kabla yake. Kiongozi atakayesimama katika mkutano wa hadhara na kutaja majina ya akina mama waliochelewa atawafukuza zahanati badala ya kuwavuta.

Tunawaomba viongozi wenzetu wa vijiji na vitongoji wasihesabu vishikwambi vilivyogawiwa. Wahesabu watoto wa miezi 18 waliomo katika maeneo yao, kisha waulize ni wangapi kati yao wamekamilisha chanjo. Ikiwa amebaki hata mmoja, kazi yetu haijakwisha.